Kutoka diploma kwenda digrii ya uhandisi, Mbeya

Mdogo wangu, unaitaka MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga? Angalia GPA ya diploma kwanza. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inataka walau 3.0.

Ukishaingia, kila jioni fanya maswali matano ya hesabu kwa mkono, bila kuchungulia majibu. Mimi nilidharau, nikabeba sapu (mitihani ya marudio) mbili.

Karakana usijifiche nyuma, shika multimita, ile mita ya kupimia umeme, mwenyewe. Ukipima ukinzani wa kipingamizi (resista), zima umeme kwanza, chomoa mguu wake mmoja kwenye saketi, ndipo uguse kwa ncha za mita. Siku moja nilisahau kuzima: pa! Fyuzi ya mita ikaungua, fundi akanicheka wiki nzima.

Barua za kuomba fildi (mafunzo ya vitendo kazini) peleka Januari. Na sweta, jamani. Juni ya Mbeya haina utani.