Jinsi ya Kuipa Spraiti Mchapuko Katika Mchezo wa Scratch

Anayeanza kutengeneza michezo ya kompyuta huandika kwanza amri iliyo nyepesi kuliko zote: mshale wa kulia ukibonyezwa, paka asogee hatua kumi kulia. Amri hiyo inatiiwa, lakini mchezaji huhisi mara moja kwamba kuna kitu kimekosekana. Paka anatoka kwenye kusimama na kuingia katika kasi kamili papo hapo, na kidole kinapoinuka anaganda kama picha iliyobandikwa ukutani. Chochote chenye uzito huhitaji muda wa kushika mwendo na muda wa kuupunguza, na muda huo mfupi ndio unaoufanya mchezo uwe na raha mkononi.

Mwongozo huu unatumia Scratch, programu ya bure ya kutengeneza michezo kwa kupanga vipande vya amri viitwavyo bloku, iliyotoka katika maabara ya MIT Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani, na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2007, kwa sababu ndiyo wengi wanayoanza nayo na paka wake huwa tayari jukwaani unapoifungua. Paka huyo ni spraiti, yaani mhusika au picha inayosogezwa kwa amri. Jukwaa lake lina upana wa pikseli 480 na kimo cha pikseli 360, na picha yake huchorwa upya mara 30 kwa sekunde. Kila mchoro mmoja tutauita fremu. Hesabu zote zilizomo humu zinahamia bila shida kwenye Python, JavaScript au lugha nyingine yoyote ya kuandikia programu.

Jambo la kushika ni moja: kitufe kisiguse mahali alipo paka. Kitufe kiguse kasi yake, kisha kasi ndiyo imsogeze. Mchapuko ni kile kiasi ambacho kasi inaongezeka au kupungua katika kila fremu, kwa hiyo unapobonyeza mshale unatoa mchapuko, mchapuko unajenga kasi, na kasi inabadilisha mahali. Mpangilio huu ni wa zamani sana katika fani yenyewe. Katika Spacewar!, mchezo uliotengenezwa MIT mwaka 1962, chombo cha angani kiliendelea kuteleza hata baada ya mchezaji kuiacha injini, na mchezaji alilazimika kugeuka na kusukuma upande wa pili ili apunguze mwendo.

Anza kwa kuunda kigeu, yaani kisanduku chenye jina kinachohifadhi namba, na ukiite kasiX. Scratch itakuuliza kama kigeu hicho ni cha spraiti zote au ni cha spraiti hii peke yake. Chagua hii peke yake. Nimewahi kukaa na mwanafunzi mmoja jioni nzima tukitafuta kwa nini adui wake alikuwa akikimbia kila mara shujaa alipokimbia, na kumbe alimtengeneza adui kwa kumnakili shujaa, na wote wawili walikuwa wakisoma kasi kutoka kisanduku kimoja.

Bendera ya kijani, ile ya kuanzisha mchezo, inapobonyezwa, weka kasiX iwe 0, kisha ndani ya bloku ya kurudia daima panga amri hizi kwa utaratibu huu:

kama mshale wa kulia umebonyezwa, ongeza 1 kwenye kasiX
kama mshale wa kushoto umebonyezwa, punguza 1 kwenye kasiX
weka kasiX iwe kasiX mara 0.9
badilisha x kwa kasiX

Hapa x ni mahali alipo paka kati ya kushoto na kulia. Kasi yenye alama ya kutoa inampeleka paka kushoto, kwa hiyo hakuna haja ya kigeu cha pili cha kuonyesha upande. Zingatia pia kwamba tumeuliza hali ya kitufe ndani ya mzunguko. Hatukutumia bloku ya tukio inayoanza kitufe kinapobonyezwa, kwa sababu ile hufuata tabia ya kibodi ya kurudia herufi: huitika mara moja, husita kidogo, kisha ndiyo huanza kurudia mfululizo. Kusita huko kunaonekana wazi kwenye mwendo wa paka, na wanafunzi wengi huhangaika kukitafuta chanzo chake kwenye namba wakati kiko kwenye bloku waliyoichagua.

Mstari wa tatu, ule wa kuzidisha kwa 0.9, ndio msuguano, na unastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko mingine. Fuata namba zenyewe mchezaji anaposhikilia mshale wa kulia. Katika fremu ya kwanza kasi inakuwa 1, msuguano unaipunguza hadi 0.9. Fremu ya pili inakuwa 1.9, inabaki 1.71. Fremu ya tatu inabaki takriban 2.44, na ya nne takriban 3.10. Kila mara nyongeza inazidi kuwa ndogo, kwa sababu moja ya kumi ya kasi kubwa ni hasara kubwa kuliko moja ya kumi ya kasi ndogo, mpaka hasara inapolingana na mchapuko. Hapo kasi inatulia kwenye 9: ukiongeza 1 unapata 10, ukizidisha kwa 0.9 unarudi 9. Paka amejipatia kikomo cha mwendo bila wewe kuandika amri yoyote ya kumzuia.

Kikomo hicho unaweza kukipata kabla ya kuujaribu mchezo. Zidisha mchapuko kwa msuguano, kisha ugawe kwa 1 kutoa msuguano. Kwa mchapuko wa 1, msuguano wa 0.8 unatoa kikomo cha 4, na msuguano wa 0.98 unatoa kikomo cha 49, kasi ambayo paka angevuka jukwaa zima kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Ndiyo maana anayebadilisha msuguano peke yake, akitaka tu paka ateleze kidogo, hushtuka kumwona amekuwa risasi. Namba hizi mbili hurekebishwa pamoja. Ukitaka msuguano wa 0.8 na kikomo kibaki 9, mchapuko lazima upande hadi 2.25.

Kwa maoni yangu, namba inayofaa kuamuliwa kwanza ni umbali ambao paka atateleza baada ya kidole kuinuka, maana huo ndio mchezaji anaouhisi. Kutoka kasi ya 9, msuguano wa 0.9 unamwacha ateleze karibu pikseli 80, wa 0.8 unamsimamisha ndani ya pikseli 36, na wa 0.98 unampeleka zaidi ya pikseli 400, ambao ni mwendo wa barafu hasa. Mchezo wa kurukaruka juu ya vibao vyembamba hauvumilii kuteleza kwingi, ilhali mchezo wa magari au wa chombo cha angani hupoteza ladha bila huko kuteleza. Chagua umbali, pata msuguano, ndipo upange mchapuko.

Kuna kasoro moja ndogo katika kuzidisha. Namba ikizidishwa kwa 0.9 hupungua na kupungua, lakini haifiki sifuri, na paka anayeonekana amesimama huwa bado anasogea kwa vipande vya pikseli. Ikiwa umeandika kwamba picha za kukimbia zichezwe wakati kasi si sifuri, ataendelea kupiga miguu akiwa amesimama. Ongeza sharti kabla ya kumsogeza: kama thamani kamili ya kasiX, yaani namba yake bila kujali alama ya kutoa, ni chini ya 0.1, weka kasiX iwe 0. Kutoka kasi ya 9 hali hiyo inafikiwa baada ya fremu 43, yaani kama sekunde moja na nusu.

Ukuta nao unahitaji amri yake. Paka anapogonga ukuta, wengi humrudisha nyuma pikseli chache na kusahau kasi, ambayo inabaki pale pale ikimsukuma. Mchezaji akigeuza mshale, paka anasita ukutani mpaka kasi ile ya zamani iishe, na mchezaji anadhani kibodi imeharibika. Kila unapomzuia paka, weka kasiX iwe 0 katika hatua hiyo hiyo.

Kuruka kunafuata kanuni zile zile, ila sasa mchapuko hautoki kwenye kitufe: ni mvutano wa ardhi, ambao haupumziki. Unda kasiY, na katika kila fremu ipunguze kwa 1, kisha badilisha y, yaani kimo alipo paka, kwa kasiY. Paka akigusa ardhi, kasiY iwe 0. Akiwa amegusa ardhi na mshale wa juu ukabonyezwa, weka kasiY iwe 12. Hapa tu ndipo tunapoiweka kasi moja kwa moja, kwa sababu kuruka ni msukumo wa mara moja. Kwa kuwa tunapunguza kabla ya kusogeza, atapanda pikseli 11, kisha 10, kisha 9, hadi jumla ya 66. Ukigeuza mpangilio, ukasogeza kabla ya kupunguza, atapanda 78. Tofauti hiyo ya pikseli 12 inatosha kumfikisha kwenye kibao au kumkosesha, kwa hiyo shika utaratibu mmoja katika mchezo wote, na mwendo wa spraiti moja uuweke wote ndani ya mzunguko mmoja.

Ukipunguza mvutano hadi 0.5, mruko wa 12 unafika pikseli 138, zaidi ya mara mbili, na muda wa kukaa hewani unaongezeka vilevile. Ili mchezaji aweze kuchagua kati ya mruko mfupi na mrefu, ongeza sharti kwamba kama kitufe kimeachiliwa na kasiY bado ni zaidi ya 3, basi iwe 3. Kwa upande wa kushuka, weka kikomo, tuseme kasiY isipungue chini ya -15. Paka anayeanguka pikseli 25 kwa fremu anaweza kuwa juu ya kibao chembamba katika fremu moja na kuwa chini yake katika inayofuata, asikiguse kabisa.

Ukihamia nje ya Scratch, kumbuka kwamba namba hizi zote zimepimwa kwa fremu 30 za sekunde moja. Skrini nyingi huchora mara 60, nyingine 120 au 144, na mchezo uleule utakwenda mbio maradufu kwenye kompyuta ya jirani. Dawa ni kupima muda uliopita tangu fremu iliyotangulia na kuhesabu kwa sekunde. Kasi ya pikseli 9 kwa fremu inakuwa pikseli 270 kwa sekunde, na mchapuko wa 1 unazidishwa kwa 30 mara mbili, unakuwa 900. Msuguano hauzidishwi hivyo: 0.9 kwa fremu 30 ni sawa na takriban 0.949 kwa fremu 60, ambao ni kipeuo cha pili cha 0.9. Ili kuhakikisha umepatia, endesha mchezo kwa fremu 30 kisha kwa fremu 60, na upime kwa saa muda ambao paka anachukua kuvuka skrini na umbali anaoteleza baada ya kidole kuinuka. Vyote viwili vinapaswa kukaribiana sana katika majaribio hayo.