Jinsi ya kuandika manukuu ya Kiswahili kwa filamu ya kijasusi ya Kifaransa ya 1937

Marthe Richard au service de la France, iliyoongozwa na Raymond Bernard, ni filamu ya watu kuongea huku wakifichana. Edwige Feuillère ni Marthe, mpelelezi wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Erich von Stroheim ni baroni wa Kijerumani. Manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yakitangulia hata kwa sekunde moja, mtazamaji anaijua siri kabla ya mhusika na tukio linapoa. Kwa hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, shika hili: maandishi yasijue zaidi ya uso unaoonekana kwenye skrini.

Anza na nakala ya filamu uliyo nayo, wala usitafsiri hata neno moja kabla ya kujua kasi yake. Filamu ya sauti ya miaka ile hupita kwa fremu (picha moja moja za mkanda) 24 kwa sekunde. DVD za Ulaya huichezesha kwa fremu 25, hivyo filamu ya dakika 90 inaisha dakika 3 na sekunde 36 mapema. Mafaili mengine yana fremu 23.976, na hapo tofauti ni kama sekunde 5 tu kwa dakika 90. Fungua faili katika VLC, programu ya kuchezea video, tazama taarifa za kodeki (jinsi video ilivyofungashwa), uandike namba hiyo mahali.

Manukuu yakikataa kwenda sambamba na sauti, kosa lenyewe litakuambia chanzo. Yakichelewa kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho, sogeza yote kwa pamoja. Yakianza sawa kisha yakachelewa kidogo kidogo mpaka dakika tatu na zaidi, yalitengenezwa kwa fremu 24 na wewe una 25: zidisha nyakati zote kwa 0.96. Yakienda vizuri halafu ghafla yakaruka sekunde mbili, kuna fremu zilizopotea. Rili, yaani gurudumu la mkanda, ya mita 300 ilibeba takriban dakika 11, na mwanzo na mwisho wa rili ndiko mkanda ulikochakaa na kukatwa. Tafuta miruko hiyo kwenye maungio ya rili kwanza. Hakuna hesabu moja itakayoiponya yote. Sogeza sehemu baada ya sehemu.

Kusikia ndiyo kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Sauti iliyochapwa pembeni mwa mkanda miaka ya 1930 haina masafa ya juu, hivyo "s" na "f" hufanana. Vaa hedifoni, punguza masafa yote ya sauti juu ya kHz 7, na uandike Kifaransa chote kwanza, Kiswahili baadaye. Ukirukia tafsiri moja kwa moja, unajaza mapengo kwa kubahatisha bila hata kujitambua. Usiposikia neno baada ya kurudia mara kadhaa, weka alama uendelee. Mara nyingi mhusika mwingine atalirudia katika jibu lake.

Kwa kupanga muda, programu za Subtitle Edit na Aegisub zote ni za bure na zinaonyesha mawimbi ya sauti. Kila kipande, yaani maandishi yanayotokea kwa pamoja, kisizidi mistari miwili, kila mstari herufi 42 pamoja na nafasi. Kasi isizidi herufi 15 kwa sekunde, maana maneno yetu hubeba mengi na jicho huyasoma taratibu. Kipande kikae sekunde 1 kwa uchache na 7 kwa wingi, na kati ya kipande na kipande acha fremu 2, la sivyo msomaji hatambui kwamba maandishi yamebadilika. Picha ikikatwa karibu na mwisho wa sentensi, maliza kipande fremu 2 kabla ya mkato. Kikivuka, jicho hurudi kusoma upya.

Sasa tazama mfano huu wa kubuni, wenye namba ya kipande, muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno:

412
00:48:07,250 --> 00:48:09,500
Jasusi wao ninamjua.

413
00:48:10,900 --> 00:48:12,100
Ni wewe.

Kipande cha kwanza kina herufi 20 kwa sekunde 2.25, raha mustarehe. Nafasi ya sekunde 1.4 ndiyo mwigizaji anapoinua macho. Ungeunganisha vipande viwili kuwa kimoja, hesabu zote zingekubali na programu isingelalamika, ila msomaji angefika "Ni wewe" wakati anayetuhumiwa bado anatabasamu. Programu hukagua urefu na kasi. Ukimya ni jukumu lako. Kanuni hiyohiyo inahusu mpangilio wa maneno: jina au neno linalofichua liwe la mwisho katika sentensi, hata kama sarufi inaruhusu litangulie.

Lugha ya wapelelezi ina mitego yake. "Le chiffre" si tarakimu, ni msimbo wa siri. "Brûlé" akisemwa mtu, hajaungua. Siri yake imefichuka. "Boîte aux lettres" inaweza kuwa mtu au duka ambako ujumbe huachwa. "Permission" ya askari ni likizo. Deuxième Bureau, idara ya ujasusi wa kijeshi ya Ufaransa, iache kwa jina lake, kwani "Ofisi ya Pili" itamfanya mtazamaji aulize ya kwanza iko wapi. "Boches" ni tusi. "Wajerumani" peke yake hunyonya sumu yake, ila "Vijerumani" huirudisha bila kuongeza herufi hata moja. Askari akijibu "mon capitaine", "ndiyo, afande" inatosha kabisa.

Kwenye "vous" (wewe ya heshima) na "tu" (wewe ya ukaribu) usihangaike na viwakilishi. Badilisha adabu: "Naomba uketi, Bibi" leo, "Kaa hapa" baada ya ukaribu kuingia. Chunga pia "elle" (yeye wa kike). Kwetu "a-" haisemi mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo kama tukio zima linategemea adui kugundua jinsia ya mpelelezi, andika "mwanamke" palepale wanapogundua, si kabla.

Barua, telegramu na vichwa vya magazeti huonekana kwa muda mfupi. Telegramu ya sekunde 4 inakupa herufi 60, basi. Toa jina, mahali na agizo, salamu ziache. Weka kwa herufi mlazo ili zisichanganyike na mazungumzo. Mahali ambapo filamu yenyewe imeacha Kijerumani bila tafsiri, nawe acha. Mtazamaji wa Paris hakuambiwa kitu, na kutoelewa ni sehemu ya hofu.

Usisahihishe historia ndani ya manukuu. Marthe wa kweli aliitwa Richer wakati wa vita, kwa jina la mumewe aliyeuawa 1916, na windo lake lilikuwa von Krohn, mwambata wa jeshi la maji wa Ujerumani mjini Madrid. Filamu inamwita baroni wake von Ludow. Andika linalosemwa.

Hifadhi kama SRT, aina ya faili la manukuu, kwa UTF-8, usimbaji wa herufi unaokubali alama za Kifaransa. Ukiona "FranÃ§ois" badala ya "François", faili limesomwa kwa usimbaji mwingine. Milisekunde hutenganishwa kwa mkato, si nukta, na kati ya vipande lazima mstari mmoja ubaki mtupu. Jina la faili lilingane na la video ili VLC iyapakie yenyewe. Kisha mpe mtu asiyejua Kifaransa atazame bila wewe kusema neno, nawe uangalie uso wake badala ya skrini: akishtuka kabla ya mhusika, rudi kwenye kipande hicho.

Kuonyesha hadharani ni suala jingine. Ufaransa hulinda filamu kwa miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya mwongozaji, waandishi wa hadithi na mazungumzo, na mtunzi wa muziki wake. Bernard alifariki 1977, kwa hiyo ulinzi unafika walau mwisho wa 2047. Hata faili la manukuu peke yake ni tafsiri ya mazungumzo ya mwandishi, hivyo omba kibali cha mwenye haki kabla ya kulisambaza.