Usanisi wa tetrahidrokabazoli kwa njia ya Fischer

Njia hii ya mwaka 1883, iliyopewa jina la mwanakemia Emil Fischer, inafaa sana kwa maabara ya wanafunzi, kwa sababu pete ya indoli (pete ya benzini iliyoungana na pete ya atomi tano yenye nitrojeni) hujengwa ndani ya chupa moja. Fanya kazi yote kwenye kabati la moshi, ukiwa na glavu na miwani: fenilihidrazini, mojawapo ya malighafi mbili, ni sumu, hupenya ngozi na inashukiwa kusababisha saratani.

Itazame fenilihidrazini kwanza. Iliyo nzuri ina rangi ya manjano hafifu. Ikiwa kahawia nzito imeshaoksidika, na zao lako litajaa lami. Inereke (ichemshe na kukusanya mvuke wake uliopoa) chini ya shinikizo dogo kabla ya kuitumia.

Weka mililita 2.1 za sikloheksanoni (moli 0.02) na mililita 10 za asidi ya asetiki isiyo na maji kwenye chupa ya duara yenye kondensa (bomba la kupozea mvuke). Chemsha hadi mvuke uanze kurudi, kisha dondosha mililita 2.0 za fenilihidrazini kwa dakika 15 huku ukikoroga. Usiimwage kwa mkupuo: mmenyuko hutoa joto na mchanganyiko unaweza kufoka.

Endelea kuchemsha saa nzima. Hapa ndipo wengi hukosea. Haidrazoni, yaani kiwanja cha kwanza kinachotokana na malighafi hizo mbili, hutokea upesi, lakini bado si indoli. Ni lazima igeuke kuwa enihidrazini (umbo lake lenye kifungo maradufu cha kaboni kwa kaboni), kifungo cha nitrojeni kwa nitrojeni kikatike wakati kile cha kaboni kwa kaboni kinaundwa, pete ijifunge, ndipo amonia itoke. Nitrojeni inayotoka ni ile iliyo mbali na pete ya benzini. Allen na Wilson walithibitisha hilo mwaka 1943 kwa nitrojeni-15, aina nzito ya nitrojeni inayoweza kufuatiliwa.

Acha mchanganyiko upoe ukiukoroga, la sivyo utaganda kama tofali. Ushushe hadi nyuzi 5, chuja kwa pampu, osha kwa maji machache ya baridi ili asetati ya amonia iondoke, halafu kwa ethanoli baridi ya asilimia 75. Ikaushe, kisha iyeyushe kwenye kiasi kidogo iwezekanavyo cha methanoli ya moto na uiache ifanye fuwele upya.

Kinadharia utapata gramu 3.42, gramu 2.6 hadi 2.9 ni matokeo mazuri. Fuwele safi huyeyuka karibu na nyuzi 116. Zikiyeyuka chini sana ya hapo, na kwa kusuasua, haidrazoni imebaki: rudisha kwenye asidi uchemshe tena. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia iliyofungwa vizuri, maana hewa na mwanga huiharibu.