Somo: Kumsajili mbwa wa mbegu safi kwa mara ya kwanza

Habari zenu ndugu zangu.

Kila mara nakutana na mtu ameshanunua mbwa, ameshampa jina, ameshamzoea, ndipo anauliza, "Sasa nimpeleke wapi akaandikishwe?" Huwa inaniuma kumjibu, maana mara nyingi ameshachelewa. Mbwa wa mbegu safi haandikishwi kwa sura yake, anaandikishwa kwa wazazi wake. Na mwenye kuianza kazi hiyo ni mzalishaji, yaani mwenye jike aliyezaa. Wewe mnunuzi unaingia mwishoni kabisa.

Mimi nililijua hilo baada ya kuumia. Mbwa wangu wa kwanza alikuwa German Shepherd, jike. Aliyeniuzia aliniambia, "Makaratasi yapo, yanafuata." Nikalipa, nikambeba. Nikapiga simu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mwisho simu ikawa haipokelewi. Klabu ya mbwa walipofungua daftari lao la usajili, mama yake hakuwemo kabisa. Ikaishia hapo. Nilimpenda yule mbwa mpaka siku alipokufa, ila cheti hakupata. Ndiyo maana naandika somo hili, na naomba ulisome kabla hujatoa pesa.

Tuweke jambo moja sawa kwanza, kwa sababu watu wanachanganya vitu vitatu. Usajili wa nasaba unafanywa na klabu ya mbwa: hapo inaandikwa huyu ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Usajili wa chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, ni mwingine, nao ni wa kumrudisha mbwa kwa mwenyewe akipotea. Kisha kuna leseni ya serikali, pale sheria inapoitaka. Ukiwa na kimoja haina maana unavyo vyote, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa haiingii popote kati ya hivyo vitatu.

Hatua ya 1: Jua daftari lipi linatambulika

Nchi nyingi zina klabu moja ya taifa iliyo chini ya FCI, shirikisho la kimataifa la klabu za mbwa lililoundwa mwaka 1911 na ambalo makao yake yako Thuin, Ubelgiji. FCI yenyewe haimpi mtu cheti, cheti hutoka kwa klabu ya nchi. Uingereza wana The Kennel Club, ya tangu 1873, na Marekani wana American Kennel Club (AKC), ya tangu 1884. Hizo mbili si wanachama wa FCI, lakini zina makubaliano nayo.

Kwa nini nakusumbua na hayo? Kwa sababu mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuanzisha "daftari la mbwa" lake na kuchapisha cheti chenye muhuri wa dhahabu. Usiukague muhuri. Waulize klabu ya taifa swali moja tu: "Cheti cha hawa mnakipokea?" Wakisema hapana, hiyo ni karatasi ya kutundika ukutani.

Hatua ya 2: Kabla ya kulipa, anza na mama

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo usiwe na haraka. Omba kuona vyeti vya wazazi wote wawili. Dume mara nyingi ni wa mtu mwingine, basi omba nakala ya cheti chake pamoja na karatasi ya kupandisha iliyosainiwa na mwenye dume. Nakili namba za usajili, uwapelekee klabu wazihakiki.

Kisha uliza kama uzao umeshaandikishwa. Mzalishaji anatakiwa awapelekee klabu taarifa ya watoto wote waliozaliwa pamoja, madume wangapi, majike wangapi, ndani ya muda uliowekwa na kanuni za klabu husika. Akikwambia "nitawaandikisha nikishapata wateja", ondoka. Najua ni vigumu ukiwa umempakata mtoto wa mbwa anayekulamba kidole, lakini ondoka.

Na yote mliyokubaliana yaandikwe: jina la mama na baba, namba zao, tarehe ya kuzaliwa, namba ya chipu, na nani atapeleka fomu.

Hatua ya 3: Soma chipu kwa macho yako

Chipu ina ukubwa wa punje ya mchele, inawekwa chini ya ngozi katikati ya mabega. Zinazofuata kiwango cha kimataifa cha ISO zina tarakimu 15, na tatu za mwanzo ni namba ya nchi au ya kiwanda. Mwombe daktari wa mifugo akupimie kwa kisomeo mbele yako.

Mbwa wangu wa pili nilifanya hivyo. Daktari alipitisha kisomeo juu ya mabega, kimya. Akarudia taratibu, kimya. Nikaanza kuishiwa nguvu. Akateremka nacho hadi kwenye bega la kushoto karibu na kiwiko, kikalia. Chipu ilikuwa imetembea, jambo ambalo hutokea. Basi akazisoma zile tarakimu moja moja kwa sauti huku mimi nikifuata kwa kidole kwenye fomu, na tarakimu ya kumi na moja ilikuwa 6 kwenye mashine, 9 kwenye karatasi. Tulirekebisha palepale kwa wino. Chipu mpya huja na stika zenye namba hiyohiyo, kwa hiyo bandika stika kwenye fomu badala ya kuandika kwa mkono.

Hatua ya 4: Fomu

Kuna njia mbili. Kwingine mzalishaji anawaandikisha watoto wote kwa majina yao, wewe unajaza fomu ya kuhamisha umiliki tu. Kwingine, kama kwa AKC, mzalishaji anaandikisha uzao, kisha anakukabidhi fomu ya mtoto mmoja mmoja umalizie mwenyewe.

Jina la kwenye cheti si lile utakalomwitia nyumbani. Kwa kawaida linabeba jina la banda la mzalishaji, na katika klabu nyingi watoto wa uzao mmoja hupewa majina yanayoanza na herufi moja. Ukishalisajili, kulibadilisha ni shida au haiwezekani, basi litamke kwa sauti mara kadhaa kabla ya kuandika. Nyumbani mwite upendavyo.

Rangi ndiyo inayowakosesha wengi. Unaandika unachokiona leo, kumbe mbegu nyingine hubadilika. Dalmatian huzaliwa mweupe, madoa yanatokea baadaye. Yorkshire Terrier huzaliwa mweusi mwenye kahawia, na weusi wa mgongoni unageuka kijivu cha chuma akikua. Muulize mzalishaji neno la rangi linalotumika rasmi kwa mbegu hiyo.

Hatua ya 5: Peleka, lipa, tunza nakala na risiti. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 6: Cheti kikifika, kisome

Usikiweke kwenye fremu kabla hujakisoma. Linganisha namba ya chipu, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Halafu tazama ukoo. Vizazi vitatu ni wazee 14: wazazi 2, mababu na mabibi 4, na 8 nyuma yao. Tafuta jina linalojirudia upande wa baba na upande wa mama. Kama babu mmoja amejitokeza pande zote mbili, wazazi wa mbwa wako ni ndugu wa baba mmoja, na kiwango cha uzao wa ndani, yaani wa kupandisha ndugu kwa ndugu, kinafika asilimia 12.5. Klabu inaweza kukisajili hicho bila tatizo. Mimi ningetaka maelezo ya mzalishaji, maana damu ikikaribiana hivyo, magonjwa ya kurithi hupata mlango.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mbwa wangu ni Rottweiler mtupu, kila anayemwona anasema hivyo, ila hana karatasi. Nikifanya kipimo cha DNA naweza kumsajili?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. DNA inaweza kuthibitisha kwamba huyu ni mtoto wa yule, ikiwa wazazi wanajulikana na sampuli zao zipo. Kipimo cha kutaja mbegu hakikubaliki kwa usajili wa nasaba. Ila AKC wana orodha ya pembeni ya mbwa wa aina hiyo, wakishahasiwa au kufungwa uzazi, ili washiriki michezo. Na baadhi ya klabu za FCI zina daftari la nyongeza, ambapo mbwa hutazamwa na mwamuzi. Waulize wa kwenu.

Swali: Muuzaji ana bei mbili, yenye cheti na isiyo na cheti, kwa mtoto yuleyule. Ni kawaida?

Jibu: Dada, mimi hapo sinunui. Ada ya kumwandikisha mtoto mmoja ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kumlea mama na uzao wake. Anayekufanyia hesabu hiyo, ama hajaandikisha uzao, ama kuna mtoto hataki klabu wamjue.

Swali: Naletewa mbwa kutoka nchi nyingine, cheti cha kule kinatosha?

Jibu: Kwa kawaida hakitoshi. Unahitaji cheti cha nasaba cha kusafirishia, ambacho klabu ya kule hutoa kwa ombi la mwenye mbwa. Kiombe kabla mbwa hajasafiri, kwa sababu saini ya mwenye mbwa wa awali ukiwa mbali naye ni kazi kuipata. Ukishakipata ndipo klabu yenu wanamwingiza kwenye daftari lao.

Swali: Kwa hiyo mwenye cheti ni mbwa mzima wa afya, sivyo?

Jibu: Sivyo, na nakushukuru kwa kuuliza. Cheti kinasema ukoo tu. German Shepherd mwenye ukoo mrefu anaweza kuwa na nyonga mbovu zitakazomfanya ashindwe kuinuka akizeeka. Nyonga hupigwa picha ya eksirei mbwa akishatimiza angalau mwaka mmoja, na kwa mfumo wa FCI hupewa daraja kuanzia A, ambayo ni nzuri, hadi E, ambayo ni mbaya sana. Omba majibu ya wazazi wote wawili. Nikilazimika kuchagua kati ya cheti chenye mabingwa watano na eksirei mbili za daraja A, nachukua eksirei.

Swali: Cheti changu kimeandikwa watoto wake hawasajiliwi. Nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa, kama uliambiwa kabla. Hicho ni kizuizi alichoweka mzalishaji, na kwa kawaida yeye ndiye mwenye uwezo wa kukiondoa. Wengi hukiondoa mbwa akikua na vipimo vyake vikiwa vizuri, basi zungumza naye kabla hujampandisha.

Swali: Nimegundua cheti kina tarakimu moja ya chipu iliyokosewa. Nikirekebishe kwa kalamu?

Jibu: Usiguse kabisa! Fomu ambayo haijapelekwa unaweza kuirekebisha na mzalishaji akasaini pembeni. Cheti ni cha klabu, ukikichora kinaharibika. Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo, asome chipu na kukuandikia barua yenye namba, sahihi na muhuri wake. Ipeleke klabu pamoja na cheti halisi, bakiza nakala, wao watakutolea kingine.