Kutyuni vayolini kiangazi cha Dodoma

Ukitazama anime ya okestra ya shule, Ao no Orchestra kwa mfano, utatamani kushika vayolini siku hiyohiyo. Dodoma inawezekana kabisa, ila kiangazi hewa kavu husinyaza mbao: vigingi, vile vya kichwani vinavyozungushwa kukaza nyuzi, vinateleza na nyuzi zinalegea.

Nyuzi nne, kutoka nene hadi nyembamba, huitwa G, D, A na E. Anza na A, hezi 440 (mitetemo kwa sekunde). Programu ya simu inatosha. Okestra nyingi za Japani hupandisha hadi 442. Fuata D, G, kisha E. Legeza kidogo kwanza, halafu pandisha taratibu huku ukisukuma kigingi ndani. Ukizungusha bila kusukuma, kitarudi nyuma tu. Kikizidi kuteleza, kitoe, kipake chaki ya ubaoni kidogo sana, ukirudishe. Tofauti ndogo malizia kwa skrubu ya chini, iliyo mkiani, yaani kwenye kipande kinachoshika ncha za chini za nyuzi, hasa E, ambayo ni nyembamba na hukatika upesi.

Usilegeze nyuzi zote nne kwa pamoja! Daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, halijagundishwa, wala kile kijiti kilichosimama ndani ya tumbo. Vyote vinashikiliwa na mkazo wa nyuzi. Kijiti kikianguka, hiyo ni kazi ya fundi. Ukimaliza, litazame daraja kwa ubavuni: uso unaoelekea mkiani uwe wima.

Ndani ya boksi weka kopo la sabuni lililotobolewa, lenye sponji iliyokamuliwa hadi isidondoshe tone. Ilowanishe upya ikikauka. Upinde ulegeze kila ukimaliza kupiga, na boksi lisibaki kwenye gari juani, kwa sababu joto hulainisha gundi na viungo vikaachia.