Kabla hamjagawa kadi

Mkikutana kwa mmoja wenu Jumamosi hizi za joto la Januari, mcheze kadi na kutazama mfululizo mnaoupenda, malizeni ubishi wa sheria kabla kadi hazijachanganywa. Nairobi kila ploti ina sheria zake. Kwa wengi, 2 inakuokotesha mbili, 3 inakuokotesha tatu, jokeri tano, na 8 au Q ni swali linalodai jibu. Sawa. Lakini je, A ikizuia adhabu inaitisha pia maua (aina ya kadi, kama kopa au shupaza) papo hapo? Mtu anaweza kumaliza kwa K? Na aliyesahau kusema "niko kadi", yaani kwamba yuko karibu kumaliza, aokote ngapi? Hapo ndipo watu hununiana mpaka jioni. Andikeni majibu nyuma ya risiti ya supamaketi na muiweke katikati ya meza, chini ya kikombe, feni isiipeperushe.

Runinga nayo ipewe zamu yake. Kipindi kimoja, raundi moja, kisha kipindi kingine. Aliyeshindwa anashuka kibandani kuleta smoki na kachumbari, na hakuna kubonyeza chochote kabla hajarudi. (Anayesimulia yaliyo mbele, mimi ningemtuma mara mbili.)

Pakueni vipindi kwenye simu usiku uliotangulia. Stima ikipotea, kuna drafti: chora miraba 64 kwenye katoni, kisha vizibo vya soda 12 vikitazama juu, 12 vimefudikizwa.