Namna ya Kusoma Ustaarabu wa Kale: Mto Kwanza, Wafalme Baadaye

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza, na wenzao wa sekondari msingi nchini Kenya, huanza somo la ustaarabu wa kale kwa kukariri majina ya wafalme, na mwezi mmoja baada ya mtihani huwa hawakumbuki hata moja. Kosa si la vichwa vyao. Jina la Khufu, mfalme wa Misri ya kale, haliwezi kukaa akilini mwa mtu asiyejua watu wa nchi ile walikula nini, walipata maji wapi, na nani alihesabu nafaka ghalani. Ninapendekeza basi uanze na mto, uende kwenye maandishi, upange miaka, na wafalme uwaache mwishoni.

Chukua karatasi uchore Mto Naili kwa mkono wako mwenyewe. Anzia chini ya karatasi, Naili Nyeupe inapotoka Ziwa Viktoria pale Jinja nchini Uganda. Chora na Naili ya Buluu ikiteremka kutoka Ziwa Tana, Ethiopia. Ziunganishe Khartoum, kisha upandishe mto mmoja hadi Bahari ya Mediterania. Sasa andika "Misri ya Juu" na "Misri ya Chini" mahali pake. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa maana Misri ya Juu iko kusini, yaani upande wa chini wa Misri kwenye karatasi yako: juu ni kule maji yanakotoka.

Mchoro ukikamilika, jiulize mafuriko yalileta nini. Mvua kubwa za Juni hadi Septemba kwenye milima ya Ethiopia ziliujaza mto kila mwaka, maji yakafunika mashamba, na yalipopungua yakaacha tope jeusi lenye rutuba. Wamisri waligawa mwaka wao katika majira matatu kwa kufuata mwendo huo: mafuriko, kupanda na kuvuna. (Leo mafuriko hayo hayapo tena, Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, liliyazuia.) Ukilishika hilo, mengine yanajifungua yenyewe, kwa sababu mipaka ya mashamba iliyofutwa na maji ilihitaji wapimaji, mavuno mengi yalihitaji maghala, na maghala yalihitaji makarani wa kuandika nani ametoa nini. Linganisha na Mesopotamia, yaani eneo la Iraki ya leo, ambako mito ya Frati na Tigri ilifurika majira ya kuchipua, mazao yakiwa karibu kuvunwa, hivyo watu wake walilazimika kujenga mifereji na kingo ili maji yasiwaharibie chakula.

Kwenye maandishi, usisome tu, jaribu mwenyewe. Vibao vya udongo vya mwanzo vya mji wa Uruk huko Mesopotamia, vya miaka ipatayo 3200 KK (Kabla ya Kristo), kwa sehemu kubwa ni hesabu za shayiri, mifugo na posho za wafanyakazi. Tafuta udongo wa mfinyanzi, uutandaze kama chapati nene, ukate tete liwe na ncha ya pembe, kisha uandike idadi ya debe za mahindi zilizopo nyumbani. Utagundua haraka kwamba kuchora mstari uliopinda kwenye udongo mbichi ni taabu, lakini kukandamiza ni rahisi, na papo hapo utaelewa kwa nini picha zilizotumika mwanzoni kuandika ziligeuka kuwa alama za kikabari, yaani zenye umbo la kabari.

Miaka ndiyo inayowatesa wengi, hasa ile ya KK, ambayo hupungua kadiri wakati unavyosonga mbele. Bandika karatasi mbili za A4 kwa urefu, uchore mstari ambao kila sentimita ni miaka 100, kuanzia mwaka 3100 KK, Misri ilipounganishwa, hadi leo. Weka alama ya piramidi ya Khufu karibu na 2560 KK na ya kifo cha Kleopatra, malkia wa Misri, mwaka 30 KK. Pima kwa rula: kutoka piramidi hadi Kleopatra ni sentimita 25 na ushee, lakini kutoka Kleopatra hadi kwako hazifiki 21. Ukikokotoa muda unaovuka kutoka KK hadi BK (Baada ya Kristo), kumbuka kwamba hakuna mwaka sifuri. Jiwe la Rosetta, lenye maandishi yaliyosaidia kufumbua mwandiko wa Misri ya kale, lililochongwa mwaka 196 KK na kupatikana mwaka 1799 BK, lina tofauti ya miaka 1,994, wala si 1,995.

Kabla ya kuamini habari yoyote, uliza imetoka kwa nani. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, aliandika kwamba watu 100,000 walifanya kazi kwa zamu kuijenga piramidi kuu. Lakini yeye alizaliwa miaka 2,000 hivi baada ya ujenzi. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, zilipatikana karatasi za mafunjo za zama za Khufu mwenyewe, ambamo mkaguzi aitwaye Merer aliandika siku baada ya siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, piramidi ilipojengwa. Weka mashahidi hao wawili kwenye safu mbili za daftari, uandike kila mmoja aliyajuaje aliyoyasema.

Sasa wafalme wanaweza kuja, na usiwaache wa Kushi, ufalme uliokuwa kusini mwa Misri katika Sudan ya leo, ambao vitabu vingi huwapa aya mbili tu na kuwapita. Wafalme hao kutoka mji wa Napata, Piye akiwa mmojawapo, waliitwaa Misri katika karne ya 8 KK. Taharqa, aliyetawala 690 hadi 664 KK, ndiye Tirhaka mfalme wa Kushi anayetajwa katika Biblia, na Waashuri, watu wa kaskazini mwa Mesopotamia, ndio waliomwondoa Misri. Baadaye Meroe, mji mwingine wa Kushi, ikajenga piramidi zake nyembamba zenye miteremko mikali, na ikabuni mwandiko wake. Sauti za herufi hizo zimeshajulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ila maana ya maneno mengi bado haijafumbuliwa. Zinakili herufi chache kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako, na chini yake uache nafasi.